Usile Kitu, Njoo Hivyo Hivyo

6 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu kabla sijaanza maneno, maana nikianza nitazisahau. Huku hatujambo. Mwanao mkubwa sauti imeshakuwa nzito, akiitikia hodi wateja wanadhani ni baba yake. Mdogo kang'oka meno mawili ya mbele, basi kila akisema "shangazi" anapiga mluzi. Mimi na cherehani tumevuka msimu wa sare za shule tukiwa hai, ingawa ovaloki ya kuzungushia kingo imeanza kula nyuzi na fundi wake ananipa kesho kila siku. Fundi niliye naye ndani anatengeneza mafriji ya watu tu.

Na huyo fundi ndiye aliyenikalisha kuandika. Simu siiwezi. Nyumba yetu unaijua, ukuta wa chumbani ni mbao tupu. Ukikohoa huku, sebuleni wanakwambia pole.

Tangu mwezi wa kumi kaka yako amekuja mjini kwenu mara tatu. Anasema anafuata kompresa na gesi za mafriji. Wifi, mtu anayefuata kompresa anarudi na kompresa. Yeye anarudi mikono mitupu, mpole kama mtu aliyesamehewa deni. Siku ya safari hagusi chakula changu. Eti tumbo limejaa. Limejaa nini, na asubuhi hakula? Anakunywa maji na chai ya rangi, ananyoa ndevu, anakata kucha hadi za miguu. Nani atamtazama miguu huko kwenye kompresa?

Sasa sikia hili. Kabla ya safari ya mwisho simu yake iliita yeye akiwa nje, kichwa ndani ya friji la bucha. Nikaipokea, nikanyamaza. Sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyesoma: "Kesho usile kitu. Njoo hivyo hivyo, nitakuwa nakusubiri." Nikamuuliza, "Nani mwenzangu?" Akakata.

Mwanamke gani anamwambia mume wa mtu asile kwake? Maana yake huko kuna sufuria jikoni.

Wewe unaishi mji huohuo. Akifika analala wapi? Niambie kama wifi. Na kama huwezi kuniambia kama wifi, niambie kama mwanamke.

Mkeo wa nyumbani,
Wifi

2 Machi

Wifi mpenzi,

Barua yako imenifikia, nisamehe kuchelewa. Mimi mzima. Mwenye nyumba wetu ameipaka nyumba yote rangi ya kijani kama ya hospitalini, kwa hiyo siku hizi nikitoka kazini naingia kazini. Wabusu watoto. Huyo wa mluzi mwambie meno yanaota, asiyachokonoe kwa ulimi.

Kazini tumepata mashine mpya tangu Januari. Sijui kama niliwahi kukueleza chumba chetu kinafanya nini. Tunatazama utumbo mpana. Mpira mrefu mweusi, mwembamba kama kidole, una kamera kwenye ncha, unaingia kwa njia ya nyuma, na daktari anatazama kila kitu kwenye skrini. Mimi ndiye ninayeiandaa mashine na kushika vifaa. Daktari wetu tunamwita Miwani, kwa sababu anazo tatu na zote huwa amezisahau. Hii mpya inakuza picha mpaka unaona mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko uzi wako wa kudarizi, na pembeni kuna kompyuta inayochora kisanduku cha kijani kila inaposhuku kitu. Mara nyingine inashuku povu. Miwani anaiambia, "Tulia, hilo povu," kama anaongea na mtu. Siku za kwanza tulicheka sana.

Kuhusu uliloniuliza: kaka hana mwanamke. Namjua tangu tukilala kitanda kimoja, miguu yake usoni kwangu. Watu wengi wanafikiri wanamjua, lakini mimi ndiye ninayemjua. Tuishie hapo, wifi.

Ila kwa sasa vitu vyenye mbegumbegu mpunguzie. Nyanya zitoe mbegu kwanza.

Wako,
Wifi

15 Machi

Wifi,

Salamu. Wote wazima.

Barua yako nimeisoma jikoni, dukani, kisha nikaisoma tena nimejifungia ndani. Umeniandikia habari za mpira mweusi na kompyuta inayogombana na povu, na mimi nilikuuliza mume wangu analala wapi. Hukushtuka. Hukuuliza "mwanamke gani?" Mtu asiyejua huuliza. Wewe unajua, na umekaa juu ya unachokijua kama kuku juu ya mayai.

Na hizo mbegu za nyanya! Miaka yote niliyompikia hujawahi kunifundisha kupika. Leo umejuaje kinachopaswa kuingia tumboni mwa mume wangu? Basi analala kwako. Anakula kwako, au anaacha kula kwako, sijui. Mimi huku namtandikia kitanda, wewe huko unapanga mboga zake.

Nilimuuliza juzi tukila. Nikamwambia, "Baba watoto, mjini unafikia kwa nani?"

Akasema, "Kwa dada."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Akaondoka na sahani yake akaenda kula uani, peke yake, amesimama kama mlinzi.

Wifi, tusidanganyane. Tangu siku ya harusi yangu ulinitazama kama mtu aliyekuibia kiti. Ulipokuja siku nilipojifungua, ulimbeba mtoto ukasema, "Huyu ni wa kwetu mtupu," nami nimelala pale na mishono yangu. Hilo nililimeza. Lakini kama umemfichia mwanamke chini ya paa lako, kwa sababu tu hukunipenda mimi, niambie nifungashe. Nina mikono na cherehani, sitakufa njaa.

Sina mengi.

28 Aprili

Wifi yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Natumaini watoto wanaendelea vizuri na ovaloki imepona. Mimi nilikuwa na mafua, yamekwisha.

Kuna mambo ambayo mdomo wangu umefungwa na kazi yangu. Anayelala kwenye kitanda cha chumba chetu, hata awe nani, siwezi kumsema. Ningefanya hivyo ningestahili kufukuzwa. Nimemwomba anayehusika aseme mwenyewe. Nimemwomba kwa upole, kisha nikamgombeza kama mama yetu. Amekuwa jiwe.

Lakini marehemu baba ni wangu pia, na yeye naruhusiwa kumsema. Mkwe wako hukumkuta. Mliambiwa alikufa kwa tumbo. Ni kweli, ila tumbo lina majina. Kwa muda mrefu alikuwa anaona damu chooni na akaficha, kwa sababu aliona aibu mwanamume kusema habari za huko. Alipodhoofika mpaka mkanda ukahitaji matundu mapya, ndipo mama akajua. Alipopelekwa hospitali hakukuwa na cha kukata tena.

Ugonjwa ule hauanzi mkubwa. Unaanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, hakiumi, hakina haraka. Vingi havina neno. Vichache vinakuja kuharibika, na ukivitoa mapema umemaliza kesi. Vingine vina kichwa kama uyoga, hata kamera ya zamani inaviona. Vibaya zaidi ni vile vilivyojilaza bapa. Kwenye mwanga mweupe vina rangi ileile ya utumbo. Ndiyo maana nilikueleza ile mashine, wifi. Sikuwa napiga soga. Ukibonyeza kitufe mwanga unageuka wa buluu, mishipa inakolea, na kitu ambacho mwaka jana kilipitwa hivihivi kinajitokeza. Ukikikuza unaona kama mistari yake imepangika au imevurugika, na hapo daktari anajua kama ni cha kutoa kwa waya au ni cha kisu.

Na ugonjwa huu unapenda kurudi kwenye nyumba uliyoijua. Watoto wa mtu aliyekufa nao wanatakiwa watazamwe, hata wakijiona wazima.

Siku chache kabla ya kutazamwa mgonjwa huepuka mbegu, maana zinaziba kamera, na siku moja kabla hali kitu. Mwenzangu wa mapokezi, msichana mwenye sauti laini sana, huwapigia kuwakumbusha.

Sijasema lolote kuhusu mtu yeyote.

Wifi

9 Mei

Wifi,

Salamu zako zimefika, na hayo usiyoyasema yamefika pia.

Nilisoma ile sentensi ya msichana wa mapokezi, nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikalia mpaka mteja aliyekuja kupima gauni akaniambia basi, gauni si lazima.

Alipoingia jioni sikumpa nafasi ya kuvua viatu. Nikamwambia, "Unatoa damu chooni?"

Akatazama mlango. "Nani kakwambia?"

"Marehemu baba yako."

Akakaa. Wifi, sijawahi kumwona mwanamume yule amekaa vile, mikono katikati ya magoti, kama anasubiri kuchapwa. Akasema yote. Kwamba damu aliiona mwaka jana. Kwamba kuanzia mwezi wa kumi, kwa safari mbili, walitoa vinyama viwili vidogo akadhani yamekwisha. Kwamba mashine mpya ilipokuja mlimwita tena, mkakuta cha tatu kimejilaza kwenye kona, kipana, kilichopitwa mara ya kwanza. Kwamba alipewa tarehe ya kukitoa mwezi wa tatu na hakwenda.

"Kwa nini hukwenda?"

"Safari hii walitaka niende na mke."

"Na mke huna?"

Ndipo akasema, "Utanionaje tena? Nimelazwa kiubavu, magoti tumboni, nguo imefunguliwa nyuma, watu wanatazama ndani yangu kwenye televisheni. Utanionaje mwanamume?"

Nikamwambia mimi nilimzalia watoto wawili mbele ya wakunga watatu na balbu inayowaka na kuzima, mbona yeye aliendelea kuniona mwanamke? Alikula chakula chote usiku ule, akaomba kuongezewa.

Sasa nikwambie la moyoni. Nilipojua hakuna mwanamke, nilitegemea wivu ungetoka. Haukutoka. Uligeuka tu ukakuelekea wewe. Mwanamke mwingine ningemshinda, kwa maneno au kwa ngumi. Wewe nitakushindaje? Alipoogopa, hakunijia mimi, alipanda basi siku nzima akakufuata wewe. Umemwona hadi ndani, mahali ambapo hata mama yake hakupaona, na mimi ninayemfulia nguo nilikuwa naulizia kompresa. Umeshika bega lake, ameniambia. Lile bega ni langu.

Niambie tarehe. Nakuja naye.

Wifi

20 Mei

Wifi yangu,

Nimesoma, sikukasirika. Tarehe ni Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao. Mje siku mbili kabla, dawa ya kusafisha tumbo atainywa hapa kwangu. Choo changu kina maji saa zote, na kwa kazi hiyo, niamini, ni neema. Mletee kanga nzito, chumba chetu kina baridi ya makusudi. Dawa za kuzuia damu kuganda kama anatumia, aseme mapema.

Ulinisema kuhusu kiti. Sasa ni zamu yangu.

Niko peke yangu mji huu, wifi. Nikirudi jioni, redio ndiyo inayoniuliza habari za kazi. Mwaka hadi mwaka kaka alikuwa ananitumia salamu na picha zenu, wewe unasema, watoto wanasema, wewe umeshona, wewe umepika. Kila shati alilovaa lilikuwa ni mkono wako. Halafu siku moja akanigongea na begi, uso umemshuka, akasema, "Dada, nisaidie." Niliogopa kwa ajili yake. Lakini palikuwa na furaha pembeni ya ile hofu, na furaha ile ninaijua ilikotoka. Aliponiambia, "Usimwambie mke wangu," ningeweza kumkatalia pale pale. Nilimgombeza baadaye. Siku ile nilimpikia uji tu.

Na nikwambie jambo ambalo nilikuwa nimeamua kulila peke yangu. Ile dawa ya usingizi tunayotoa ni nyepesi, watu huongea. Nilimshika bega, ndiyo. Akafumba macho akasema, "Zima pasi, mama watoto, inaunguza kitambaa." Miwani akaniuliza, "Anaongea na wewe?" Nikasema hapana.

Njooni.

Wifi

30 Juni

Wifi yangu,

Tulifika salama, na watoto tuliwakuta hawajachoma nyumba. Mdogo ameota jino moja, limeota upande. Kaka yako anakusalimu, anakula kila kitu, hata mbegu.

Majibu ya maabara yamekuja kwa simu, na wewe unayajua kabla yangu, lakini acha niyaandike kwa mkono wangu nione raha. Kile kinyama kilikuwa kimeanza kuharibika. Hakikuwa kimepenya ndani ya ukuta. Kingo zake safi. Hatakiwi kisu. Arudi baada ya miezi sita kutazamwa tena. Nilimwambia mwenye bucha, nikamwambia fundi wa ovaloki, na kaka yako hakuninyamazisha hata mara moja. Siku hizi yeye mwenyewe anawauliza wateja wake wa mafriji, wanaume wenye vitambi, "Na wewe chooni kukoje?" Atafukuzwa.

Wifi, kuna jambo sikukueleza pale. Nilipokaa na wewe kwenye lile benchi la plastiki, mlango umefungwa na yeye yuko ndani, nilikuwa bado nakuchukia kidogo. Miwani alikuwa amekutoa nje safari ile, akasema ndugu haruhusiwi, hata awe na sare. Nikaona tumekuwa sawa, nikafurahi kwa roho mbaya kabisa. Kisha nikaona unavyobana mikono, nikakumbuka kwamba wewe unajua kila kinachoweza kwenda vibaya na mimi sijui hata kimoja. Mwenye macho ndiye aliyekuwa anateseka.

Miwani alipofungua mlango akasema, "Ndugu wa mgonjwa?" tulisimama wote wawili. Wewe ukakaa.

Ukakaa, wifi. Nilikuona.

Akanionyesha zile picha kwenye skrini. Kwenye mwanga mweupe sikuona kitu, niliona ukuta wa waridi unaong'aa, nikasema moyoni, hawa watu wanabuni. Akabonyeza, ikageuka buluu, na kiraka kikatokea. Hivyohivyo, kiraka, kimeshonwa vibaya, pamba haiendani na kitambaa. Akanionyesha walivyokijaza maji chini kikanyanyuka, wakakizungushia kitanzi cha waya, wakakata, wakabana pale na vibanio vidogo vya chuma. Kazi safi. Mshono wake ningeukubali dukani kwangu.

Akaniambia, "Mumeo ana bahati, mwaka mmoja zaidi tungezungumza mengine." Kisha akaongeza, bila kujua anachokisema, "Na dada yake naye, nimemsubiri muda mrefu."

Nami nakuuliza. Baba yenu si mmoja? Umetazama watu wangapi kwenye ile skrini? Na wewe nani amekutazama?

Wifi

17 Agosti

Wifi,

Hujanijibu. Mafua yako safari hii yamezidi.

Kaka yako nimemwambia. Alisema, "Dada? Dada anajua kazi yake." Nikamwambia hivyo ndivyo watu walivyosema kuhusu baba yenu, kwamba anajijua.

Kwa hiyo nakupa habari, sikuombi ruhusa. Nimefunga duka wiki ya kwanza ya Septemba. Nitapanda basi, nitakuja kukaa kwenye kile kiti chako chenye mguu mbovu, na sitaondoka. Ukitaka tuipitishe wiki hiyo hospitali, haya. Ukitaka tuipitishe kwa ugomvi, nimejiandaa kwa huo pia.

Nitakuja na kanga nzito.

Wifi

14 Septemba

Wifi yangu,

Nyumba imekuwa kimya tangu ulipoondoka. Kile kiti hakiyumbi tena, sijui ulikifanya nini na sitauliza. Watoto wanasemaje? Nasikia kaka aliwapikia mwenyewe wiki nzima na wote wako hai.

Nashukuru hukunisema mbele ya wenzangu. Mimi ambaye huwaambia watu kila siku, "Ni dakika chache tu, usiogope," usiku ule nilikunywa ile dawa ya kusafisha tumbo huku nimeshika ukuta. Nilikuwa naogopa tangu siku baba alipozikwa. Kila mgonjwa niliyemlaza kiubavu nilikuwa najipa ahadi ya mwezi ujao. Nilipolala mimi na kuiona ile skrini kutoka upande wa pili, ilionekana kubwa kuliko chumba. Kile kisanduku cha kijani kiliwaka mara moja na nikasikia Miwani akisema, "Safari hii si povu." Halafu sikumbuki.

Majibu yametoka leo asubuhi. Kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kimetolewa, hakina ubaya. Miaka mitatu ndipo nirudi. Nimeyasoma nimesimama korido, nikaingia stoo ya mashuka nikalia, nikatoka nikaendelea na kazi.

Kaka amenipigia simu jana. Analalamika. Anasema siku hizi barua zikija unazisomea dukani na kuzificha, akikuuliza mnaandikiana nini unamwambia "mambo ya wanawake". Anasema ameanza kuona kama hana mke wala dada. Nikamwambia wivu haumfai mtu mwenye kitambi.

Lakini kuna jambo moja. Siku ile nilipozinduka, kabla sijajua niko wapi, nilikuona. Ulikuwa umelala kwenye kiti, viatu umevua, mdomo wazi, unakoroma bila aibu, na mkono wako umeushikilia ubavu wa kitanda changu kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Nilikutazama muda mrefu. Nikamwonea wivu kaka yangu, kwamba yeye anakukuta hivyo kila asubuhi.

Mwambie. Au basi, usimwambie, ataringa.

Wako,
Wifi